Karani Aliyezungusha Tarehe

Sikumpenda yule mzee, na sitajifanya nilimpenda kwa sababu sasa anatembelea fimbo. Watu wakizeeka wanasamehewa hata kabla hawajaomba. Mimi pia ni bibi mzee, magoti yangu yananiuma kuliko yake, na sijaona aliyenisamehe chochote kwa sababu ya magoti.

Tulimwita Karani, basi. Jina lake la ubatizo liko kwa vitabu vya kanisa, na hata huko aliliandika mwenyewe. Alikuwa karani wa ukoo, karani wa mradi wa maji, karani wa kamati ya shule, na mtu akifa alikuwa karani wa mazishi. Hapa kwetu, juu kidogo ya Kanja, jambo halikuwa jambo mpaka lipite kwa mkono wake. "Kama haiko kwa kitabu, haikutokea." Alisema hivyo akikuangalia juu ya miwani, mpaka unaanza kujiuliza kama wewe mwenyewe ulizaliwa.

Alikuwa mrefu, na shingo kama ya jogoo aliyenyonyolewa. Koti la kijivu, vifungo vyote vimefungwa, hata mwezi wa pili jua likipasua mawe. Kwapani alibeba mkoba wa ngozi. Ndani ya mkoba mlikuwa na kalamu mbili, kidau cha wino wa vidole kwa sisi tusiojua kutia sahihi, kitabu cha ukoo, na muhuri. Kile tulichoita kitabu kilikuwa faili tu, karatasi zimetobolewa mashimo mawili na kufungwa kwa kamba ya kiatu. Ningekuwa na akili wakati huo ningeitazama vizuri ile kamba ya kiatu. Lakini mimi niliutazama muhuri, kama kila mtu.

Muhuri wenyewe ulikuwa na vigurudumu vidogo vya mpira, kimoja cha siku, kimoja cha mwezi, kimoja cha mwaka. Alivizungusha kwa ukucha wa kidole gumba cha kulia, ambao aliuacha ukue mrefu kwa kazi hiyo peke yake. Trr, trr, trr. Halafu anaupumulia, haa, kama mtu anayesafisha miwani, na anagonga. Mtu akishagongewa, hiyo ndiyo siku yake.

Na siku alizigawa apendavyo. Wakati wa kuchimba mtaro wa maji, kuna watu walikuja na jembe mabomba yakiwa yameshafika kwa mlango wa kanisa, na kwa kitabu wakaandikwa ni wa wiki ya kwanza, kwa sababu walikuwa wanamsalimia Karani vizuri. Mama mmoja jirani yangu alichimba kutoka siku ya kwanza, akiwa na mimba ya miezi saba. Siku moja alimpita Karani njiani bila kuweka mzigo chini amsalimie. Maji yake yalifika mwisho kabisa. Alipoenda kuuliza, Karani alimfungulia faili kwa upole.

"Mama, si unaona? Ulianza mwezi wa sita."

"Karani, mwezi wa sita nilikuwa nimeshajifungua!"

"Basi hukuchimba vizuri."

Wazee walicheka. Na mimi nilicheka, Mungu anisamehe, maana yangu yalikuwa yamefika.

Hongo ya pesa hakuchukua. Hilo niliseme, kwa sababu watu wakimchukia mtu humwekea dhambi hata ambazo si zake. Ungempa noti angekurudishia na kukuonya. Alichotaka ni uvue kofia. Alitaka usimame kwa lango lake na useme "Karani, nimekuja kwako," halafu ungoje amalize kukamua. Ng'ombe wake aliwaongelesha kama wakwe zake, kwa sauti ya chini, akiwaomba ruhusa kabla ya kugusa chuchu. Binadamu hakuwahi kumwomba ruhusa.

Mimi pia nilisimama kwa hilo lango. Mwanangu wa pili alitaka kwenda kuandikishwa jeshini na umri ulikuwa umempita kidogo. Nilimpelekea Karani kuku jike na nikangoja. Akauliza, "Unataka awe wa lini?" kama vile mtu wa duka anavyouliza unataka kiatu namba gani. Trr, trr. Kijana wangu akapunguzwa miaka miwili mbele yangu, na nikashukuru mpaka nikainama. Huko jeshini walimkataa kwa sababu ya meno. Kuku hakurudi. Nasema haya ili mtu asifikiri nilikuwa mjinga wa kutojua. Nilijua kazi ya kile kidole. Nilidhani tu kwamba kitazunguka kwa upande wangu kila wakati.

Na kuna jambo lingine linaloniudhi, kwa sababu ningependa kumchukia bila kusumbuliwa. Alisoma barua za wanawake wa mlima huu miaka na miaka, wakati waume walikuwa kazi za mbali na sisi hatukujua a wala be. Barua za matusi, barua za mapenzi, barua za mume kusema ameoa mwingine huko. Alizisoma zote kwa sauti moja, akakunja, akakurudishia, na hakuna neno hata moja lililowahi kutoka kinywani mwake likafika sokoni. Mtu huyo huyo. Siku ilikuwa kitu cha kuchezea kwake, lakini siri ya mtu aliitunza kama mboni ya jicho. Mume wangu alipofariki, Karani ndiye aliandika maneno ya kusomwa kaburini, na alimwandika mume wangu alivyokuwa, na kelele zake na kicheko chake, mpaka shemeji zangu wakalia. Hayo maneno ninayo. Nimejaribu kuyachoma mara mbili.

Mwandiko wake ulikuwa mzuri kupita kiasi. Herufi zimelala upande mmoja kama shamba la ngano la kwetu Kiirua upepo ukipita. Mimi ni mwana wa Meru, nimeolewa huku Embu, na kila mara niliposhinda mtu kwa maneno aliniambia nirudi kwetu kwenye viazi. Lakini kuhusu mwandiko huo hata mimi ningesimama kutazama. Yeye alijua. Akimaliza ukurasa aliuinua juu, akaugeuzia mwanga, akautazama kama mama anavyotazama mtoto aliyeogeshwa.

Sasa nieleze ile desturi, maana bila hiyo hakuna kesi.

Kila kikao cha ukoo kikiisha, Karani alisoma alichoandika, na wote tukapanga mstari kutia kidole chini ya ukurasa. Halafu alitoa karatasi nyingine, tupu kabisa, na tukatia kidole chini yake pia. Hiyo aliiita ya akiba. Alisema chai inaweza kumwagikia ile ya kwanza, au mvua, au panya, na si vizuri kuwaita wazee wapande tena mlima kwa sababu ya panya. Na sisi tulimshukuru kwa kutuhurumia miguu! Miaka mingapi tumetia vidole kwenye karatasi tupu, tukifuta wino kwa nyasi, tukiuliza chai iko wapi. Hata wajukuu walijua kutuuliza sisi bibi zao. "Cucu, umetia ya akiba?" "Nimetia."

Mama mkwe wangu alipokuwa karibu kufa lakini bado ana sauti, aliitisha kikao. Alikaa kwa kigoda, blanketi mabegani, akasema mbele ya wazee kumi na mmoja: "Kile kipande cha mtoni, chenye nduma, ni cha huyu wa Meru. Ameniosha miguu miaka sita. Wengine walikuja kuniona wakati wa Krismasi." Shemeji yangu, yule mkubwa, alikuwa ameketi pale na akatazama viatu vyake. Karani akaandika. Akasoma. Tukatia vidole, ya kwanza na ya akiba.

Kagendo, binti wa Nyaga, mwanangu wa kwanza, alikuwa amekuja siku hiyo. Ndiyo kwanza alikuwa amepata kazi Embu mjini, kwa ofisi inayohifadhi karatasi za watu ndani ya kompyuta. Ni mtoto wa maringo, na mimi ndiye nilimfundisha. Alisogea kwa meza na simu yake.

"Guka, babu yangu, naomba nipige picha ukurasa huu. Mwandiko wako unashinda wa kompyuta."

Wazee walianza kunung'unika kuhusu simu kikaoni. Karani akawanyamazisha kwa mkono. Akatoa leso, akapangusa meza, akaunyoosha ukurasa na kushika pembe moja kwa vidole viwili.

"Piga," akasema. "Lakini usikate vichwa vya herufi."

Jioni hiyo jikoni nilikuwa namenya viazi, na Kagendo amekaa kwa gogo akibonyeza simu, anacheka peke yake.

"Unafanya nini?"

"Naipiga picha ya Guka muhuri. Kama ule wake, lakini wa kwetu hauzungushiki."

Nikamwambia anieleze kama mtu anayeelezea mtu, si kama redio. Akajaribu. Alisema simu inachukua ile picha na kuisaga, na kinachotoka ni mstari mmoja wa herufi na namba, hauna maana ukiusoma. Picha hiyo hiyo ukiisaga tena kesho au mwaka ujao, unatoka mstari ule ule. Lakini ukigusa kitu, hata nukta moja, unatoka mwingine kabisa. Basi mstari huo peke yake, si picha, unatumwa kwa mtunza saa, ofisi ya mbali ambayo haimjui Guka wala mimi wala shemeji. Mtunza saa anaubandika siku na saa na dakika uliyofika, anaufunga kwa ufunguo wake wa siri ambao hakuna mwingine anao, na anaurudisha.

"Kwa hivyo ni kama kinu cha posho mill," nikasema. "Mtunza saa anapima unga, haoni mahindi."

"Haswa, Cucu! Na kutoka kwa unga huwezi kurudisha mahindi."

"Na mtu akimpelekea kuku?"

Akacheka mpaka akashika tumbo. "Hata umpelekee ng'ombe. Akishafunga, hata yeye mwenyewe akibadilisha saa, kufuli linaonekana limevunjwa."

Nikasema ni vizuri, na nikamwambia alete maji. Kwangu ilikuwa mchezo wa mtoto aliyepata kazi.

Mama mkwe alikufa kabla ya mwaka kuisha. Hatukuwa tumemaliza hata matanga wakati shemeji alishuka mtoni na vijiti na kamba ya kupimia. Nikamuuliza anapima nini. "Shamba langu," akasema. Tukaenda kwa Karani. Akafungua faili, akalamba kidole, akageuza karatasi pole pole, na hapo nikaona. Siku ya kikao ni ile ile, imegongwa muhuri vizuri. Mwandiko ni ule ule mzuri. Na maneno yanasema kipande cha mtoni ni cha shemeji, na mimi, mjane wa marehemu, nimekubali kwa hiari yangu. Chini kulikuwa na vidole vyetu vyote. Kidole cha mama mkwe. Kidole changu. Nilikitambua kwa kovu la panga. Kidole changu mwenyewe, kikigawa shamba langu.

"Karani," nikasema, "hii ni ile ya akiba. Ya kwanza umeitoa kwa kamba."

"Mama Nyaga, hii ndiyo iko kwa kitabu."

Nilizunguka kwa wale wazee mmoja mmoja. Walikuwapo, walisikia kwa masikio yao. Kila mmoja aliniuliza kitu kimoja: kitabu kinasemaje? Mmoja alikuwa bado anatafuna kuku niliyempelekea alipouliza. Na nilijua kwa nini Karani alifanya vile. Hakulipwa kitu. Yeye na shemeji walitahiriwa msimu mmoja, ni rika, na rika hakatai rika. Tena aliamini kabisa, hili aliniambia usoni, kwamba ardhi ikishikwa na mwanamke wa kutoka nje inapotea, na kwamba yeye hakuharibu kitu, alirekebisha. Aliandika mambo yalivyopaswa kuwa.

Nililima kile kipande miaka ishirini. Nduma zake, yaani magimbi, zilisomesha huyo Kagendo. Bila mto mimi ni bibi wa kuomba mboga kwa wake wa wajukuu.

Kagendo aliposikia hakulia kama mimi. Alisema, "Cucu, si nilipiga muhuri?"

Shauri lilisikizwa Embu, chumba kidogo chenye meza ndefu na afisa mmoja kijana, mkali lakini mwenye masikio. Shemeji alivaa tai. Karani alikuja na mkoba. Kagendo akatoa picha, na Karani akaiangalia haraka akacheka kwa pua.

"Mheshimiwa, watoto wa siku hizi wanakuchorea hata simba akisoma gazeti. Hii imechorwa juzi."

Hapo ndipo Kagendo aliomba kutumia kompyuta ya ofisi. Akaisaga ile picha mbele ya afisa. Mstari ukatoka. Akafungua ule uliotoka kwa mtunza saa. Herufi kwa herufi, ni mmoja. Siku: ile ya kikao. Saa: kumi na mbili na dakika ishirini jioni, wakati mimi namenya viazi na mama mkwe bado anakohoa chumba cha pili. Halafu akachukua nakala, akafuta nukta moja juu ya herufi moja, akasaga tena. Ukatoka mstari mwingine kabisa, haufanani na wa kwanza hata kidogo. Afisa akamwambia arudie. Akarudia.

Karani akasema neno ambalo, kwa ukweli, lilikuwa la akili kuliko yote yaliyosemwa siku hiyo.

"Sawa. Hiyo mashine inajua saa. Haijui ukweli. Mtu akiandika uongo jioni hiyo na kuupiga picha, bado itaufunga. Inasema tu uongo huo ulikuwapo saa kumi na mbili na dakika ishirini."

Afisa akamgeukia Kagendo. Kagendo, mtoto wangu wa maringo, akasema, "Ndiyo, ni kweli."

Shemeji aliona mlango umefunguka akaingia mbio. "Ni hivyo! Ni mtu ameiga! Siku hiyo hiyo, mtu wa Meru alitafuta mtu wa kuiga mwandiko wa Karani. Hata ukiangalia si mzuri sana, herufi zimelegea. Mtoto wa shule anaweza."

Nilimwona Karani akigeuka. Shingo yake ile ilipanda kutoka kwa koti.

"Zimelegea wapi?" akauliza.

"Karani, nasema tu kwamba..."

"Nionyeshe herufi iliyolegea. Huu mwandiko hakuna mtu wa kuuiga. Kutoka Kanja mpaka Meru mjini hakuna. Angalia mkia wa hiyo y!"

Afisa akaweka kalamu chini.

"Kwa hivyo huu ni mwandiko wako, Mzee?"

Mle ndani ya picha, kwenye pembe, vidole vyake viwili vilikuwa vinaonekana vimeshika karatasi, na ukucha ule mrefu.

Shamba likabaki langu. Shemeji alitoka bila kuaga. Karani alibaki ameketi, akifunga ile kamba ya kiatu, akifungua, akifunga.

Baada ya hapo hatukuongea mwaka mzima na zaidi. Kanisani alikaa upande wa wanaume, nami sikugeuka. Nikasikia watu wakisema ukoo utachagua karani mwingine kikao kijacho, labda hata msichana, mwenye kompyuta. Nikasikia amekuwa mgonjwa. Sikupeleka uji.

Halafu Alhamisi moja, katikati ya asubuhi, niko mtoni, miguu ndani ya matope, nang'oa nduma. Nikasikia fimbo ikigonga mawe. Alishuka pole pole, kila hatua akitafuta pa kuweka mguu, mkoba kwapani. Amekonda. Koti limekuwa kubwa. Alisimama pale nyasi zinapoishia, na hakusema nimsalimie kwanza.

"Mama Nyaga. Nimekuja kwako."

Nikangoja. Nilimaliza kung'oa shina moja, nikasafisha, nikaweka kwa kikapu. Ndipo nikanyoosha mgongo.

"Sema."

Akatoa karatasi. Niliisoma polepole, maana kusoma nimejifunza darasa la gumbaru, la watu wazima, nikiwa na mvi, na hakunisaidia. Mwandiko umeanza kutetemeka lakini bado ni mzuri. Ilisema kwamba Karani aligundua kosa katika kitabu cha ukoo, akalirekebisha mwenyewe, akamrudishia mjane haki yake, na mjane amemsamehe. Nafasi ya kidole changu ilikuwa imechorwa mstari. Nikatazama juu. Muhuri ulikuwa umegongwa wiki mbili kabla ya ile siku ya Embu.

"Karani, leo ni Alhamisi."

"Najua leo ni siku gani."

"Basi hii ni siku gani?"

Akatazama maji. "Wanataka kuchukua kitabu. Mimi nimekishika tangu mume wako akiwa kijana. Nikifa na hiyo ya Embu ndiyo ya mwisho, watoto wa watoto wangu watasoma nini? Wewe shamba unalo. Haikupunguzii kitu."

Ni kweli haingenipunguzia kitu. Nilihisi huruma inapanda, nikaimeza kama dawa.

"Andika ya leo," nikasema. "Andika Alhamisi, andika kwamba ulikosa, ukashindwa, na umekuja kuniomba. Hiyo nitatia kidole sasa hivi, hata wino sihitaji, nina matope. Na chai nitakupa."

Akatoa kalamu. Aliishika juu ya karatasi muda mrefu. Nilifikiri ataandika. Nafikiri hata yeye alifikiri hivyo.

Halafu akafunga kalamu, akairudisha mfukoni, akakunja karatasi mara nne na kuiweka kwa mkoba.

"Tarehe ya leo haifai," akasema.

Akageuka aanze kupanda. Njia fupi inapita katikati ya mashina ya nduma, na mguu wake ulikuwa umeshaingia, majani mawili yamelala chini ya fimbo.

"Karani," nikamwita. "Pitia kando. Hapo unakanyaga nduma zangu."

Alisimama. Alitazama majani, akanitazama mimi. Akatoa mguu kwenye matope, na akapitia kando.